Kikasha Juu ya Jiko la Egidia

Uvumi huo Egidia aliupokea kwenye foleni ya mashine ya kusaga, Jumatatu asubuhi, ndoo ya mahindi ikiwa miguuni pake. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele, ambaye hata jina hakumjua, alikuwa anawasimulia wenzake kwamba umeme unapanda kila Jumamosi kwa sababu kuna nyumba moja hapahapa Makambako ambayo jiko lake halipoi. Eti wanapika tangu kunapambazuka mpaka jioni, wali, maharage, makande, viazi, na kuna mtambo unaoitazama nyumba hiyo na kusema: watu wa Makambako wameshiba, ongeza bei. Wanawake wakacheka. Mmoja akasema kama nyumba hiyo ipo waoneshwe, wakale hukohuko.

Egidia naye alicheka, maana asiyecheka angeulizwa kulikoni. Lakini uvumi ule ulimganda. Alitoka nao mashineni, akapanda nao kilima upepo ukimpiga usoni, akafika nao nyumbani, na alipoinua macho juu ya jiko lake akaona kikasha cha rangi ya majivu, kidogo kama sabuni ya kipande, kimekaa palepale kilipofungwa miezi kumi na moja iliyopita.

Miaka hiyo hakuna aliyekuwa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wamekula nini. Zamani waliuliza, na watu walidanganya. Mwenye njaa alisema ameshiba kwa aibu, na aliyeshiba alisema ana njaa ili apate msaada. Mabwana wakubwa nao walizichukua namba hizo wakazipaka rangi walivyotaka. Hapo ndipo ukaundwa mtambo mmoja, Hesabu Kuu, usiosikiliza maneno ya mtu. Ulitazama sufuria. Katika kila kaya mia saba ilichaguliwa moja, ikafungiwa kikasha jikoni. Kikasha kilijua uzito wa chungu, kilinusa kilichomo, kilihesabu saa ambazo jiko limekaa na moto. Kila Jumamosi saa nne asubuhi Hesabu Kuu ilikusanya hayo yote, pamoja na bei za sokoni, ikatoa namba moja tu kwa kila mji. Watu waliiita Joto. Joto likipanda maana yake uchumi una nguvu, watu wanazo, na bei ya umeme inapanda yenyewe. Joto likishuka, bei inashuka. Hakuna waziri wala mkubwa yeyote aliyeweza kuigusa namba hiyo, na watu waliipenda kwa sababu hiyo.

Mtambo ulifundishwa neno moja ambalo ukilisikia unaona lina akili: mtu anayepika sana wakati umeme ni ghali, huyo uwezo anao.

Egidia alichaguliwa, akala kiapo mbele ya afisa kwamba hatamwambia mtu, na kwa asante akawa anaingiziwa uniti mia mbili kwenye mita yake kila mwezi. Kiapo hakikumsumbua. Alichokiona yeye ni uniti. Binti yake Skolastika, wa miaka tisa, alikuwa na kifua kibovu tangu kuzaliwa, na kila akilala ilibidi alale na mashine ya hewa, kimpira puani. Mashine ile ilikula umeme kama ng'ombe anavyokula majani. Mumewe Fausti alikuwa fundi wa mapangaboi makubwa ya upepo kule vilimani, anapaka grisi mitambo inayozalisha umeme wa nusu ya nchi, na mshahara wake haukutosha kuununua huo umeme. Uniti mia mbili zilikuwa pumzi ya mtoto. Ndivyo alivyozihesabu, wala hukosei ukimwelewa.

*

Sasa kosa lilianza hivi, na lilianza kwa wema.

Mwezi wa tano, baridi ilipoanza kuuma na Joto kufika hamsini na nane, jirani yake Lutgarda alikuja na sufuria ya maharage kichwani akaomba moto. Kuomba moto kwa jirani si jambo geni pale. Zamani mtu alikuja na kipande cha bati akachukua kaa la moto akaenda zake. Jiko la umeme halitoi kaa, kwa hiyo mtu huja na sufuria yenyewe. Egidia akampisha. Zilikuwepo uniti, na mtu hamnyimi mwenzake moto.

Wiki iliyofuata akaja Bibi Kolumba wa nyumba ya kona, na viazi vyake. Halafu Mama Pacha, ambaye wanawe wawili walikuwa wanakula kama wanne. Wakajipangia zamu wenyewe, bila kumuuliza mwenye jiko. Bibi Kolumba asubuhi, Mama Pacha mchana, Lutgarda alasiri. Jikoni pakawa na vicheko. Bibi Kolumba alizoea kusema kwamba tangu aolewe hajawahi kupika bila kuona moshi, na kwamba chakula cha umeme kina ladha ya hospitali, lakini kila kukicha yupo mlangoni na kisufuria chake.

Siku moja Mama Pacha aliuliza kile kikasha ni cha nini. Egidia akasema ni kengele ya moshi. Bibi Kolumba akamwambia waliomuuzia wamemwibia, maana jiko la umeme halina moshi.

Sasa Jumatatu ile, akiwa amesimama na ndoo ya unga mkononi, Egidia alifanya hesabu ambayo angepaswa kuifanya miezi miwili nyuma. Kikasha hakina macho. Hakijui sufuria ya nani. Kinachojua ni kwamba katika nyumba hii yenye mama, mtoto mmoja, na baba anayerudi mwisho wa mwezi tu, kunapikwa viazi asubuhi, ugali na msusa, yale majani ya maboga, mchana, maharage alasiri, wali jioni, na maji ya kuoga katikati. Kaya moja inapika kama kaya nne, umeme ukiwa ghali. Kwa hiyo inazo. Na hiyo kaya moja inasimama badala ya kaya mia saba. Joto linapanda. Bei inapanda. Bei ikipanda, Lutgarda na wenzake wanazidi kushindwa kuwasha majiko yao, wanazidi kuja kwake. Wakizidi kuja, Joto linazidi kupanda.

Aliiweka ndoo chini. Mwezi wa tano hamsini na nane. Jumamosi iliyopita sitini na tisa.

Na sabini kila mtu aliijua. Joto likigusa sabini, Hesabu Kuu huona mji umepona, ikafuta nafuu ya wagonjwa, ile inayowafanya wenye mashine na hita za wagonjwa walipe nusu bei.

*

Lutgarda alikuwa na hita ya mgonjwa. Mwanawe Otmari alizaliwa njiti, miezi saba, na wiki ile alikuwa na kilo moja na nusu. Hospitali walimruhusu kwa masharti: mchana mama ambebe kifuani ngozi kwa ngozi, chumba kisipoe hata kidogo, na vyombo vyake vichemshwe. Makambako mwezi wa saba ni mahali ambapo maji kwenye beseni hukuuma vidole. Bila nafuu, hita ile Lutgarda angeiwasha siku nne katika wiki, si zaidi. Hilo alilisema mwenyewe, bila kulia, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Egidia alichokifanya kwanza hakikuwa kizuri, na kinasemwa hapa kwa sababu wengi wangekifanya. Jumanne alifunga mlango wa jikoni. Aliwaambia wenzake kwamba plati ya jiko imeungua. Alijiambia kwamba majirani wasipopika kwake, kikasha kitaona chungu chake mwenyewe tu, Joto litashuka polepole, kiapo kitabaki mahali pake na uniti zitabaki mahali pake. Kila kitu kitajinyoosha bila mtu kujua.

Bibi Kolumba alinung'unika akaondoka. Mama Pacha akasema atatafuta kuni. Lutgarda hakuondoka. Alisimama mlangoni, mtoto amefungwa kifuani chini ya sweta, akaonekana kichwa tu, kofia ya sufu kubwa kuliko uso.

"Mama Skola," akasema, "mimi sitaki kupika. Nataka maji ya moto ya vyombo vya mtoto. Hata birika moja."

"Plati imeungua, mwenzangu."

"Mbona nanusa vitunguu?"

Nyuma ya Egidia vitunguu vilikuwa vinakaangika kwelikweli. Lutgarda akamtazama, wala hakumtukana. Akasema, "Haya. Kama nimekukosea utaniambia," akageuka akaenda zake kwa mwendo wa taratibu, mkono mmoja ukiushika mgongo wa mtoto ili upepo usimpate.

Egidia alizima jiko. Akakaa kwenye kigoda. Skola, aliyekuwa anafanya kazi ya shule mezani, akamuuliza mama kwa nini umemdanganya Mama Otmari. Akamwambia fanya hesabu zako. Mtoto akainama, lakini swali likabaki limesimama pale jikoni.

Alipiga hesabu ya pili. Joto lingeshuka polepole kweli, lakini Jumamosi ilikuwa siku nne mbele, na sufuria za miezi miwili zilikuwa zimeshaandikwa. Kufunga mlango kusingezifuta. Kitu cha kuzifuta kilikuwa kimoja tu, na alikijua kwa sababu alisomewa siku ya kiapo: kaya ikikiri kwamba kikasha chake kimepima visivyo vyake, vipimo vyake vyote huondolewa siku hiyohiyo. Na kikasha hung'olewa. Na asante husimama.

Aliinuka, akachemsha birika mbili, akazipeleka kwa Lutgarda mwenyewe. Alimwomba msamaha kwa uongo wa plati. Kuhusu mengine akasema nipe mpaka kesho.

*

Ofisi ya Vipimo vya Maisha ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Afisa aliitwa Ngailo, kijana mpole, miwani puani, ndiye aliyemfungia kikasha. Egidia alimwamkia kamwene, akaitikiwa kamwene, akakalishwa. Akasema yote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu alijua akipumzika katikati atarudi nyumbani.

Ngailo alisikiliza. Egidia alipomaliza, kijana alifungua kompyuta, akatazama mistari ya jiko la Egidia, akaifunga. Akasema mistari hiyo aliiona mapema, akadhani nyumba imepata mama lishe.

Egidia akamuuliza swali ambalo lilimjia akiwa njiani. Je, vikasha vingine? Kama yeye alipisha majirani, nani mwanamke wa nyanda hizi asiyepisha?

Ngailo akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba kikasha cha kijiji cha mama yake kina mistari ileile. Vipo vingi. Waliobuni mtambo walikuwa watu wa maghorofani, ambako kila nyumba ina jiko lake na mlango wake. Kuomba moto hakumo katika hesabu yao. Alishaandika barua, hajajibiwa.

"Basi nikisaini leo," Egidia akasema, "wataona."

"Wataona, mama. Lakini fikiria na upande wa pili." Kijana alivua miwani. "Ukikiri wewe, itabidi wavikague vyote. Watu watasema namba ilikuwa ya uongo. Wale waliokuwa wanapika namba zamani wanangojea siku hiyo. Watasema, mnaona, rudisheni kazi kwetu. Tukibomoa Hesabu Kuu, tunarudi kwao. Subiri niwasukume kimyakimya. Miezi miwili, mitatu. Na wewe uniti zako zitabaki. Najua za nini."

Hapo ndipo mzigo wenyewe ulipomkalia. Kijana hakuwa mwovu. Alichosema kilikuwa kweli. Egidia alizikumbuka zile namba za zamani, redio ikitangaza kwamba bei ya unga imeshuka siku ambayo yeye amerudi dukani mikono mitupu. Hakutaka zirudi. Na alimwona Skola, kimpira puani, na ile taa ndogo ya kijani ya mashine. Mezani palikuwa na karatasi ya kukiri, na pembeni yake mlango uliokuwa rahisi kabisa kuufungua na kutoka.

Miezi mitatu. Otmari alikuwa na kilo moja na nusu.

"Mimi nimeishia darasa la saba, kaka," akasema. "Lakini mwalimu wetu wa hesabu akikuta nimekosea hakuchoma daftari. Aliweka alama ya kosa, kwa kalamu nyekundu, kila mtu anaona, nikafanya masahihisho. Daftari likabaki daftari. Nipe hiyo kalamu."

Alisaini. Chini, penye nafasi ya maelezo, aliandika kwa mkono wake majina ya waliopika kwake, sufuria gani, saa ngapi, tangu mwezi wa tano. Ilimchukua saa nzima. Akaongeza mstari mmoja: kila jikoni waulizwe, nani mwingine anapika hapa. Ngailo aliusoma mstari ule mara mbili. Akasema mtambo hauna mahali pa kuliweka swali hilo. Egidia akamwambia wapatafute.

*

Kikasha kiling'olewa Jumatano hiyo jioni, likabaki tundu dogo la msumari ukutani. Alhamisi Egidia aliwaita wenzake watatu jikoni, akawaambia. Kiapo kilikuwa kimekwisha, lakini ulimi wake ulikuwa mzito kuliko kwa afisa.

Mama Pacha ndiye aliyepasuka kwanza. Akasema kumbe ni wewe, nyumba isiyopoa jiko, na sisi tumesimama mashineni tunacheka. Akasema mwezi uliopita ameuza kuku wake wa mayai ili anunue tokeni za umeme, na kumbe bei ameipandisha yeye mwenyewe kwa ugali wake. Hapo akacheka kwa hasira, akachukua sufuria yake, akaondoka. Hakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata, na Egidia hakumlaumu.

Bibi Kolumba aliuliza kitu kimoja tu. Mashine ya mtoto itakula nini sasa? Egidia akamwambia zimebaki uniti thelathini na moja. Ameomba nafuu ya wagonjwa kama wengine, majibu huchukua wiki tatu, na kama Joto likigusa sabini keshokutwa hakutakuwa na nafuu ya kuombwa. Fausti alishapigiwa simu. Alisema atauza pikipiki, na kwamba angefanya vilevile, ila angechelewa.

Lutgarda alimrekebisha mtoto kifuani, akatazama lile tundu la msumari.

"Juzi uliponifungia mlango," akasema, "nilijua una jambo. Wewe hujui kudanganya, unakaanga vitunguu huku unadanganya." Halafu, bila kumwomba ruhusa: "Hita yangu inakula umeme kwenye chumba changu, mashine yako inakula kwenye chumba chako. Leo nahamia kwa Skola. Hita moja kwa watoto wawili. Uniti zangu zinaingia kwenye mita yako. Usinipangie, nimeshaamua."

Jumamosi saa nne Egidia alikuwa kwenye kibao cha sokoni, katikati ya watu, kitenge amekiuma kwa meno. Namba ilipotoka, aliisoma mara tatu. Sitini na sita. Chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa maneno ambayo Hesabu Kuu haikuwahi kuyaandika tangu iundwe: namba hii imesahihishwa, vikasha vinakaguliwa. Watu waliguna. Mzee mmoja akasema, nilijua tu, wote ni walewale. Mwanamke aliyesimama karibu naye akamjibu kwamba hao wa zamani hawakuwahi kusema wamekosea hata siku moja. Ubishi ukawaka hapo sokoni, na haukuisha siku ile.

Nafuu ilibaki. Bei haikushuka kama watu walivyotaka, ilishuka kidogo, na masahihisho ya vikasha vingine yalikuwa bado. Uniti zilikazwa sana mpaka majibu ya nafuu ya Skola yalipofika siku ya kumi na tisa, na siku mbili usiku Egidia na Lutgarda walikaa gizani ili mashine na hita vipate. Skola hakukosa hewa. Otmari alivuka kilo mbili, akaanza kulia kwa sauti ya mtu mwenye haki zake.

Mwezi ulipokwisha, Ngailo alipita kusema kwamba kaya nyingine ya mtaa ule imechaguliwa, na kwamba sheria haimruhusu kuitaja. Egidia hakuuliza. Alichana karatasi mbili za katikati ya daftari la Skola, akaandika, akazipeleka kwenye mashine ya kusaga, akazibandika ukutani mahali ambapo kila mama husimama akingojea unga wake. Ziliandikwa hivi:

Kwa mama atakayefungiwa kikasha. Mambo ya kuepuka.

Usile kiapo kabla hujaambiwa kikasha kinapima nini na kinamsemea nani.

Usiseme ni kengele ya moshi.

Usiihesabu asante yao kuwa ni yako ya milele. Mtoto asitegemee uniti za kiapo peke yake, tafuta na njia nyingine mapema.

Usipike sufuria ya jirani chini yake bila kuandika jina la jirani, siku na saa. Daftari la shilingi chache linatosha.

Usimnyime jirani moto ili namba ikae vizuri.

Usingoje afisa agundue. Afisa anaweza kuwa ameshaona.

Usiamini anayekwambia subiri miezi mitatu mpaka umemwuliza mwenye mtoto mchanga kama anayo miezi mitatu.

Usiichukie namba kwa sababu ilikosea. Irekebishe, halafu uiangalie tena Jumamosi.

Usikae na jambo hili peke yako hata siku moja. Mimi nilikaa nalo siku mbili, Jumatatu na Jumanne, na katika siku hizo mbili nilimfungia mlango mtoto wa kilo moja na nusu.